Wapagazi Arobaini

Nilipeleka redio kwa Shamte, nikakuta vita.
Mlango wa zamani umelazwa juu ya mapipa mawili,
bawaba bado zimo, kitasa kimeng'olewa,
na juu yake Mahiwa nzima:
maganda ya korosho ndiyo mawe,
sponji ya kuoshea vyombo ndiyo vichaka,
na Mto Lukuledi ni utepe wa kaseti iliyokatika.
"Usiegemee," akasema bila kuinua kichwa,
"kiwiko chako kimelalia kikosi kizima."
Redio yangu haijatengenezwa mpaka leo.

Kila Jumapili, kuanzia saa nane, tuko sita.
Chinguile, mwalimu wa hesabu, hupima mwendo kwa futi ya fundi cherehani,
na hagombani na mtu ila milimita.
Nandonde wa vipuri huibusu dado kabla ya kuitupa;
ikimwangusha, huifungia kwenye kiberiti, itubu.
Fikiri yuko kidato cha pili,
na hakuna jenerali asiye na huruma kama yeye.
Somoe, muuguzi wa wodi ya mifupa,
huchora macho kwa ncha ya sindano, amebana pumzi.
Mimi, karani wa ghala, nilikuja na mkono mzito:
askari wangu wa kwanza alitoka na macho matatu.
Hawakunicheka. Walimpandisha cheo.

Shamte huyeyusha risasi ya kulehemu
kwenye kopo la maziwa, akaimimina ndani ya kalibu.
Lugha yetu ina mambo:
risasi humtoa mtu roho,
na hapa Lindi, nyuma ya duka,
risasi inapoa, inakuwa mtu,
ana kofia, ana mkanda, anangoja rangi.

Mke wa Chinguile husema: wanaume wazima na vidoli!
Kisha huleta mihogo, husimama mlangoni kitambo,
huuliza nani anashinda.

Jumapili ya nne ya vita vile
Somoe akaja na trei ya mayai.
Ndani, watu arobaini, wa plasta ile ile
inayofunga miguu iliyovunjika,
migongo imepinda, na kichwani kila mmoja
kipande cha bati la kichupa cha dawa.
Bunduki hawana.
Chinguile akafungua daftari la kanuni.
"Hawa wanapiga kwa ngapi?"
"Hawapigi."
"Wanajikinga kwa ngapi?"
"Hawajikingi."
"Sasa mezani wanafanya nini?"
Somoe akausukuma mzinga wa Nandonde kwa kidole kimoja.
"Huu ulifikaje hapa? Ulikuwa na miguu?"
Halafu, kama anayesoma chati ya mgonjwa:
babu wa baba yake alichukuliwa Nyangao, kamba kiunoni,
na jina lake halimo katika daftari la upande wowote.

Usiku ule tukaandika kanuni mpya,
kwa ugomvi na chai ya tangawizi:
mzinga hauendi bila wapagazi sita;
mpagazi asiyekula zamu mbili, dado itamwamulia.
Vita vikageuka. Nandonde, bingwa wa kushambulia,
akaanza kuhesabu magunia.
Fikiri akarudisha kikosi nyuma
kuwafuata wanane waliolala njiani.
Mshindi hatujampata.

Saa nne, kuwarudisha kwenye trei: thelathini na tisa.
Majeshi yote mawili yakapiga magoti sakafuni,
tochi za simu mdomoni,
tukapapasa kati ya nyaya na skrubu
tukimtafuta mtu mwenye urefu wa kidole gumba.
Somoe akasema, "Basi."
Lakini yeye hakuinuka.

Nilimkuta Jumanne, ghalani,
nilipoinama kupima unyevu wa korosho:
yumo ndani ya upindo wa suruali yangu,
amevuka mji mzima,
mzigo ungali kichwani.