Kadi ya Pili

Siku tano nafua chupi zangu mwenyewe,
usiku, nyuma ya choo, hapa Igogo.
Nyanzobe anauliza tangu lini
najua sabuni inakaa wapi.

Mkojo unatoka na pilipili.
Masanyiwa, mwenzangu wa mizani kule mwaloni,
alinifungia vidonge vinne kwenye gazeti, rangi mbili:
"Meza na soda, kesho unadunda."
Kesho sikudunda.

Zahanati. Benchi limejaa kina mama na watoto wa kliniki,
na mimi, kofia mapajani,
kama mwizi wa kuku.

Daktari ni binti. Kifuani: Dkt. Ng'washi.
Nikasema, kichwa kinauma.
Akaandika kichwa.
Nikasema, na mgongo.
Akaandika mgongo. Akaweka kalamu chini, akangoja.

Nikalitaja kwa neno la mwaloni,
lile la kutupiana juu ya sangara.
Akanirudishia kwa neno lake, usaha,
bila kucheka, bila kukunja pua,
na mimi nanuka samaki hadi kwenye kucha.

Pamba, kichupa, sindano ya takoni,
vidonge vya kumaliza, si vya kugawana.
Nikashukuru. Nikashika kitasa.

"Keti. Hiyo ni nusu ya dawa."
Kadi ya pili, haina jina.
"Ya mwenzako. Au wenzako, wewe ndiye unayejua."

Sasa napanda mawe kuelekea nyumbani.
Nyanzobe yuko mlangoni, anapepeta dagaa.
Najijua: nitaanza na kichwa.
Kisha mgongo.
Laiti naye ataweka ungo chini,
angoje.