Moja, Tatu, Nne, Mbili

Miaka tisa Bluebird ya baba imelala
kwenye gereji ya kukodi, nyuma ya nyumba za Hendon,
chini ya shuka la maua ambalo mama alilitafuta hadi akafa.
Upepo wa Sunderland hupenya chini ya mlango
na chumvi yake, kama mdai asiyechoka.

Kimya kingi kina mshindo, husemwa.
Nikazungusha ufunguo: mshindo hapana,
hata taa ya oili haikukonyeza.

Betri kwanza. Vichwa vyake vimeota unga wa kijani
kama mkate uliosahauliwa mfukoni.
Nikavisugua kwa maji ya moto na magadi, wapi.
Nikafunga nyingine, ya Purvis wa namba sita.
Ameazima, hakutoa; alisema mara mbili.

Baba amekaa kwenye kreti la maziwa,
blanketi magotini, mkono wa kulia umelala pajani
kama kitu alichoshikishwa na mtu mwingine.
Tangu kiharusi maneno yake hutoka yamechomekwa vibaya:
akitaka chai, husema Jumatano.
Kila Alhamisi huja Bi Hazel wa hospitali na kadi zake.
Mwambie ahesabu hadi nne.
Moja, anasema baba. Tatu. Nne. Mbili.
Natafsiri huku naangalia zulia.
Bi Hazel anaandika. Wiki ya sita sasa, kosa lile lile,
halipungui wala haliongezeki.

Petroli ya zamani niliifyonza kwa mpira;
ilinuka vanishi, rangi yake chai iliyolala.
Ndani ya chujio la hewa panya alikuwa ametandika kitanda
kwa kurasa za ramani ya barabara:
Durham yote imetafunwa,
Carlisle imekuwa mto wa kulalia.
Nikachomoa plagi, nikadondosha oili kila tundu,
nikaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, polepole,
kama unavyomgeuza mgonjwa asipate vidonda.
Ikagoma. Ikagoma. Ikakubali robo.

Nyaya za plagi zilipasuka kama visigino vya kiangazi.
Nikazing'oa zote kwa mkupuo, kosa la mwanafunzi,
nikavika mpya.

Cheche ipo. Mafuta yapo. Hewa ipo.
Nikawasha: ikapiga chafya, ikatema moto kwenye kabureta,
Purvis akaruka, kikombe kikammwagikia kiatuni.
Tena. Mlipuko. Shakwe wote wa paani wakahama.

Ndipo baba akagonga kreti kwa mkono ulio hai.
"Moja."
"Sawa, baba. Subiri."
"Moja. Tatu." Akakunja uso, akaniangalia
kama siku nilipofeli hesabu darasa la tano.
"Nne. Mbili!"
Lakini macho yake yalikwisha kunipita,
yako kwenye injini.

Spana ikabaki hewani.
Nikafuata nyaya kwa kidole, kutoka kifuniko cha distribyuta:
nilizipanga moja, mbili, tatu, nne,
kama vikombe kabatini, kama kadi za Bi Hazel.
Injini haihesabu hivyo.
Moto hupiga wa kwanza, huruka hadi wa tatu,
humwamsha wa nne, ndipo humrudia wa pili.
Wiki sita mzee anajibu swali
ambalo hakuna aliyeuliza.

Nikachomoa, nikapanga upya kwa hesabu yake.
Ikakohoa. Ikachechemea kwa mitungi mitatu,
moshi wa buluu ukatufuta sote,
halafu wa nne akaingia, kama mtu aliyechelewa mazishini,
na gereji nzima ikaanza kutetemeka.

Nikatia gia. Gari halikusogea hata inchi:
breki za nyuma zimeshikana na kutu,
matairi yamebonyea upande kama maembe ya chini ya kapu.
Purvis akacheka hadi akashika ukuta.

Baba amefumba macho, anasikiliza,
kidole kinapiga goti. Sikukihesabu.
"Jumatano," akasema.

Nikamtilia chai.