Hati Safi

Siku ya kwanza walinipa chumba chenye feni,
chai ya maziwa, karanga kwenye kisosi,
na mafaili kumi na moja yamesimama wima
kama wanafunzi waliotangaziwa mgeni.
Shirika linaitwa Sahani Moja. Ofisi iko Shanty Town,
nyuma ya ua wa michongoma uliokatwa kwa rula.
Mlima ulikuwa umejifunika. Sikuja kuutazama.

Nilikuja na swali moja, ndilo linalonilisha:
shilingi ikiingia mlangoni nzima,
inafika kwenye kikombe cha mtoto ikiwa senti ngapi?

Semina ya siku mbili, hoteli ya njia ya Marangu,
mada: Kuimarisha Uwajibikaji.
Risiti ipo. Mhuri upo. Sahihi za waliohudhuria zipo,
hata idadi ya chupa za maji.
Mabango: risiti ipo.
Dizeli: ipo, na kilomita zake zinajumlishika.
Nikatia vema. Vema. Vema.
Kalamu nyekundu ikalala kama mlinzi
wa usiku usio na mwizi.

Halafu faili la kumi na moja, jembamba, linanuka moshi.
*Maharage, gunia mbili, Mbuyuni, hakuna risiti.*
*Kuni. Hakuna risiti.*
*Chumvi, nimetoa mwenyewe, msinirudishie.*
Mwandiko umeinama kama mtu anayepuliza moto.

"Hilo ndilo linalotuaibisha," akasema Bwana Kileo, mhasibu,
akiangalia feni.

Nikaomba kwenda nalo.

Shule iko Mabogini, chini huko kwenye mpunga na mbu.
Mwenye mwandiko anaitwa Ndeshukurwa,
gumba lake lina kovu la mdomo wa sufuria.
Nikamwomba vithibitisho.
Akanikabidhi upawa.
"Hesabu."

Nikahesabu, jasho likinitiririkia kwenye miwani.
Orodha ya ofisi: watoto mia tatu na tisa.
Pawa zilizotoka: mia tatu na arobaini.
"Thelathini na moja zimezidi," nikasema,
kwa ile sauti yetu ya kazini.
"Hazijazidi," akasema. "Zinakwenda nyumbani."

Nikamwona mmoja, Elinami, darasa la pili,
amerudi na kichupa cha mafuta ya kula,
akajaziwa, akakiziba kwa gunzi,
akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba taa.
Ana mdogo wake. Hajafika umri wa shule,
kwa hiyo hana njaa inayotambulika.

Nikauliza kuhusu Ijumaa, maana daftari lina Jumatatu
hadi Alhamisi, kisha mstari mtupu.
"Ijumaa ilikatwa mwezi wa pili.
Walisema fungu halikutosha.
Siku hizi Alhamisi wanakula kimya. Wanaweka akiba."

Usiku, gesti ya Kiboriloni, umeme unakuja na kwenda,
nikagawanya. Kazi yangu ni kugawanya.
Semina moja ya siku mbili
ni sawa na Ijumaa zote za mwaka wa shule,
na moja inabaki.

Bwana Kileo si mwizi.
Ningefurahi angekuwa mwizi; mwizi ana ukurasa wake.
Yeye ameandika kila kitu, na kila kitu ni kweli,
na ukutani, juu ya kichwa chake, ndani ya fremu ya kioo:
*Hakuna Mtoto Atakayelala na Njaa.*
Hilo pia nilipaswa kulikagua?
Halina namba. Halina mhuri.

Kanuni ninazijua: hati safi kwa mafaili kumi,
yenye shaka kwa lile la moshi.
Nimeandika, nimefuta. Nimeandika.
Chumvi yake nimeitia vema
kwa kalamu nyekundu, sina nyingine iliyobaki na wino,
na bodi wataniuliza nimetegemea ushahidi gani.

Nitasoma ripoti saa nne asubuhi.
Kutakuwa na chai ya maziwa, na karanga.
Kesho ni Ijumaa.