Tiketi Moja

Tiketi ni moja, anasema Nazmiye kwenye kitundu cha kioo,
magofu na bahari, hapa Patara, havitenganishwi,
ukilipia kimoja umelipia na kingine.
Nyuma yangu gari linapiga honi:
baba, mama, mwavuli wa mistari,
bata wa mpira, wa njano, aliyejazwa upepo tangu nyumbani.
Wanalipita lango la matao matatu
bila kupunguza mwendo.

Mimi nashuka. Jua la Julai limenikaa utosini.
Mbuzi watatu wanakula kivuli cha bafu la Warumi;
nilidhani ni majani, kumbe majani hakuna,
wamesimama tu, wanatafuna.

Hapa palikuwa bandari.
Kibao kinasema hivyo, mshale unaelekeza kwenye matete.
Meli za ngano zilitia nanga
pale ambapo sasa vyura wanabishana mchana kutwa.
Mto ulileta tope, bahari ikaleta mchanga,
kila mmoja kidogo kidogo, kwa adabu, kama wageni na zawadi zao,
hata mji ukakosa pa kuweka mguu.
Upepo haukufundishwa methali na mtu,
ila haba na haba uliujaza ukumbi wa michezo
tangu safu ya chini.

Durali, babake Nazmiye, alikuwa miongoni mwa waliouzibua.
Toroli na sepetu, misimu minane.
Alichokitoa jana, asubuhi alikuta robo yake imerudi,
imeketi viti vya mbele
kama mtazamaji aliyelipa.
Baharini hakuoga hata siku moja.
Alisema mchanga ameushika wa kutosha.

Kwenye bunge la kale viti vya mawe vimejipinda nusu duara.
Mji mkubwa ulikuwa na kura tatu, mdogo moja.
Leo wapo watoto wawili na bibi yao,
kilemba cha maua, viatu amevivua.
Mvulana amepanda jiwe, anatoa hoja ya aiskrimu.
Dada yake anaunga mkono.
Bibi anapinga kwa sauti ndogo, akijipepea.
Lugha yao siijui, lakini matokeo niliyaelewa:
waliosema ndiyo wameshinda.

Na mnara wa taa, ule, umesimama mbali na maji
kama mtu aliyefika kituoni
basi limehamishiwa barabara nyingine,
na nauli bado ameishika mkononi.

Kisha bahari.
Kushoto mchanga, kulia mchanga, jengo hakuna.
Niliingia na nguo zangu.
Bata wa njano akanipita, peke yake, akielekea Misri,
na yule baba nyuma yake, mbizi moja, tusi moja,
mbizi moja, tusi moja.

Jua lilipoinama mlinzi Tekin akapuliza kipenga.
Tokeni, tokeni, usiku ufuko ni wa kasa.
Huja wazito, wakijikokota, huchimba kwa makasia yao,
na mchanga ule ule uliouzika ukumbi
hupokea mayai mia, huyafunika, huyapa joto.
Juu ya kila kiota Tekin ameweka tenga la mbao
na tarehe kwa rangi nyekundu.
Sijui kwa nini nilisoma zile tarehe zote.

Nilipotoka Nazmiye alikuwa anafuta kioo,
vumbi la leo, kwa kitambaa cha maji.
Ameshahesabu: watu mia tatu na kumi na wanne.
Kumi na mmoja walishuka garini.
Kwa maneno tuliyookoteza huku na huku
akaniuliza nimeona nini.

Yalikuwa mengi. Yakasongamana mlangoni, yasitoke.
Vyura, nikasema.

Alicheka hadi kitambaa kikamdondoka.
Baba naye hivyo hivyo, akasema,
akainama kukiokota,
akakikung'uta.