Rangi ya Kutoonekana

Miaka thelathini na mmoja nililipwa ili nionekane.
Si mimi: mkono wangu.
Mistari myeupe mbele ya shule za Kouvola,
manjano ya kibao chenye mnyama wa pembe pana
avukaye barabara usiku bila kumuuliza mtu,
nyekundu ya kulisimamisha lori la magogo.
Dereva akipita asiione rangi yangu,
kosa ni langu, na maiti ni ya wenyewe.

Sasa nimestaafu. Nakaa kwenye meza ya Sirkka
vyombo vikishaoshwa,
nimevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine,
naufundisha mkono uleule kinyume chake.

Kifaru hiki hakina pembe, wala hakizidi kidole changu cha kati.
Moja kwa sabini na mbili:
mwendeshaji wake, kama angekuwapo,
angeishia kwenye kifundo cha dole gumba.

Kwanza kijani, kijani cha msonobari uliolowa.
Kisha navingirisha udongo wa kunata hata uwe uzi,
naulaza mgongoni mwake, unakwenda, unapinda, unarudi,
maana msitu haujui rula.
Napuliza kahawia. Nangoja. Napuliza nyeusi.
Nangoja tena: ukiwa na papara hapa
utaacha alama ya kidole
kubwa kama shimo la bomu.

Halafu theluji.
Nalowesha, nanyunyiza chumvi,
ileile ya viazi (Sirkka amenitengea kopo langu),
napitisha juu yake chokaa ya uongo,
na ikikauka naisugua kwa mswaki mkuukuu.
Chumvi inang'oka, weupe unabanduka,
kijani kinachungulia kama goti
kwenye suruali ya mtoto.
Majira mawili ya baridi yamekipitia
tangu saa kumi na moja jioni.

Jumapili akaja Pihla, mjukuu, miaka sita.
"Babu, mbona umekichafua?"
Ili kisionekane.
"Mbona basi unakiweka kwenye kabati la kioo,
tena lenye taa?"

Macho hayana pazia;
ya mtoto hayana hata dirisha.
Nikakosa jibu, nikajikuna sikio,
kiwiko kikagusa,
kifaru kikaenda chini.

Zulia letu alilifuma mama mkwe
kwa matambara ya mashati ya marehemu wa ukoo:
kijani, kahawia, weupe uliochoka.
Hatukukiona.
Tukatambaa watatu,
Sirkka na tochi, Pihla tumbo sakafuni,
mimi na magoti yanayolia kama bawaba.
Robo saa nzima! Zulia la mita mbili!
Nami, nakiri, kadiri tulivyozidi kukikosa
ndivyo kifua kilivyozidi kunipanda.
Nani alisema fundi wa vibao hawezi?

Nilikipata kwa kisigino.

Mlio mdogo tu, wa ganda la yai.
Mtutu umekatika, mnyororo mmoja umelala pembeni.
Pihla akakiokota, akafumba jicho moja,
akachungulia kwenye tundu la juu
nililoliacha wazi kwa urembo.
"Hamna mtu ndani," akasema,
akashusha pumzi.

Mimi pumzi yangu haikushuka.
Mafundi waliopaka vile vikubwa
nao walirudi nyuma hatua tatu, wakakunja jicho,
wakaridhika.

Sijakiunga. Kimo kabatini vilevile, mtutu kando.
Mbele yake Pihla amesimamisha kijiti cha kiberiti
na kipande cha kadi alichokipaka mwenyewe, brashi nene,
manjano, na ukingo mwekundu unaochuruzika;
katikati pana kitu chenye miguu minne,
au mitano, na pembe.
Kimepita kipimo, kinakizidi kifaru kimo.
Ukifungua mlango wa mbele, kabla hujavua viatu,
unakiona.