Theluji ya Mwaloni

Lugiko alisema lazima iwe na theluji.
Isiyo na theluji irudishwe kabatini,
tusiwadhulumu watu mia mbili zao.
Theluji umeiona wapi? akauliza Minza,
wewe ambaye baridi yako yote ni barafu ya Mwaloni,
ile inayopondwa kwa rungu alfajiri
na kumwagiwa sangara waliokodoa macho?
Basi hiyo, akasema. Hiyo hiyo.
Ila idondoke kutoka juu.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne, Igogo,
kibanda umiza cha baba, mabenchi saba,
gunia dirishani kuzuia mwanga,
na mvua imekalia mawe ya mlimani
kama mgeni asiyejua kuaga.

Minza alitaka awepo mtoto horini.
Walau punda, akashusha bei.
Fundi Mafuru, aliyeingia na spana mkononi,
hakutaka hori wala punda:
alitaka mtu afike nyumbani amechelewa,
mzigo begani, mlango ufunguliwe,
mbwa amtambue kabla ya mke.
Kama hakuna anayerudi, alisema,
hiyo ni picha ya siku yoyote,
hata watundike taa kwenye miti yote ya Ulaya.

Naye Swalehe muuza kahawa,
asiyekosa tarehe hiyo mwaka hata mmoja,
akapuliza kikombe, akatamka kama kadhi:
Nguo ya Idi ni ipi? Ni ile uliyoivaa Idi.
Iwe kanzu, iwe kaptula.
Wekeni yoyote, mvua inaniharibia makaa.

Tukaweka ya wale ndugu wawili
wanaogombea daraja la kamba, upanga kwa upanga,
saa nzima na dakika kumi,
wala hakuna kati yao aliyewahi kusikia
habari za Bethlehemu.

Baba akashika kipaza sauti.
Ndiyo ilikuwa kazi yake:
midomo ya kwao, maneno ya kwake.
Ndugu mkubwa akainua upanga, akafoka kwa Kiswahili cha Igogo:
“Mchele wa Magu uko wapi?
Leo mkesha, na mama hana hata kitunguu!”
Mdogo akatumbukia mtoni akilia:
“Kaka, niliuuza Buzuruga. Nilitaka viatu.”
Kibanda kizima kikaangua kicheko.
Yule adui mwenye kovu, mkuu wa majambazi,
akageuka mjomba wa Geita
anayedaiwa zawadi za miaka mitatu,
na Mafuru akapiga benchi kwa spana:
Si nilisema? Amerudi! Amerudi!

Siku hizi naishi Nyegezi, nina simu,
na humo ndani zimo zote:
theluji tele, kengele, punda wa kukodi,
watu wanakumbatiana viwanja vya ndege.
Wanangu wanabishana ipi ni ya kweli,
ipi imejipachika tu kofia nyekundu,
nami nawaacha. Ubishi nao ni kiungo.

Ila ninayo kanda moja.
Siku ile baba aliunganisha waya kwenye deki ya pili,
akarekodi, awauzie watu wa Sengerema.
Picha imeliwa na ukungu,
daraja halipo, panga hazipo.
Imebaki sauti: mvua juu ya bati,
benchi linavunjika,
Swalehe anadai hamsini yake,
na mbali kabisa, kutoka uani, mama anauliza
nani amechukua chumvi.

Baba anamjibu katikati ya vita,
bila kuitoa ile sauti nzito ya mwenye kovu:
“Iko juu ya kabati, mke wangu.”
Kisha anaendelea kuua watu.

Kila mwaka Lugiko hupiga simu kutoka Kahama.
Mnaangalia ipi?
Namwambia, ile ya chumvi.
Ananyamaza, nasikia tu anavyopumua.
Halafu anasema,
bado haina theluji.