Mnong'onezi

Kazi yangu ilikuwa kunong'ona.
Nyuma ya pazia la magunia ya uwele,
karabai ikinichoma shavu la kushoto,
nilishika karatasi nikamlisha Damari maneno
kama unavyolisha kifaranga:
moja, subiri, moja.

Jina langu Dodoma hawakulijua.
La kwake walilijua. Makarani wa reli walitoa thumni
kumwona binti wa Mvumi akiwa malkia
chini ya taji la bati la mafuta ya taa,
na wenye maduka wa mtaa wa Kuu walikuja na viti vyao,
vimebebwa kichwani na vijana wao.
Ukumbi wetu ulikuwa ghala la ngozi.
Hata malkia alinuka ng'ombe.

Mtunya ilimkuta mdogo.
Njaa ile ilimwachia shangazi mmoja
na sauti.

Halafu Manyoni. Vumbi, upepo, treni imechelewa,
na yeye anapaswa kusema:
"Nitakungoja, bwana wangu, hata miaka saba."
Akasahau.
Nikanong'ona. Kimya. Nikanong'ona tena,
nusura nikohoe.
Akageuka, akatazama tundu la gunia
palepale lilipokuwa jicho langu,
akasema: "Hapana."

Kisha akasimulia, kwa nani sijui,
habari za mwanamke aliyekwenda Kilimatinde kutafuta mtama
na watoto wawili mgongoni na ubavuni,
akarudi na kibaba kimoja, mgongo mtupu.
Hapakuwa na malkia humo.
Mchukuzi mmoja alivua kofia
akaishika kama amebeba maji.

Asubuhi Bwana Mkalaganda, mwenye kundi,
alimkata shilingi tatu.
"Maneno yale hayamo kwenye karatasi."
"Basi nitayatia," akasema,
akateremka behewani na kifurushi chake,
na sisi tukaenda Tabora tukiwa na taji, hatuna kichwa.

Miaka tisa. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya reli,
na usiku aliandika nyuma ya hati za mizigo:
upande huu, magunia arobaini ya karanga,
Itigi hadi pwani, yamepokewa, sahihi;
upande wa pili, mwanamke anafungua mlango.
Majirani walisema anaingiza wanaume.
Walisikia sauti tatu zikigombana,
ya mzee, ya kijana, ya mlevi,
wakachungulia: taa, meza, Damari
ananyanyua kidole, anajijibu.

Wamisheni walimrudishia.
*Mhusika wako hatubu*, barua ilisema.
Meza yake ilikuwa na mguu mfupi.
Barua ikautosha.

Mwishowe fundi Jivraj, mchapaji wa risiti,
alimtolea nakala mia mbili
kwa karatasi ya rangi ya ulimi wa mbuzi.
Nami nikanunua yangu, shilingi na senti ishirini,
sikuomba kupunguziwa.

Nakiri: nilijitafuta mwenyewe kwanza.
Ghala limo. Mkalaganda yumo, amekuwa beberu
anayekula kamba aliyofungiwa.
Mchukuzi yumo, na kofia.
Mimi, kurasa themanini, simo.

Ukurasa wa tisini na moja
yule mwanamke anasimama mbele ya mumewe,
neno limempotea.
*Mtu asiyemwona alimnong'onezea.
Neno lilikuwa zuri. Hakulitumia.*

Nikafunga kitabu.
Nikakaa kidogo na kelele za shunting'i za stesheni,
mabehewa yakigongana vichwa.
Nikafungua tena.
Mke wangu akaniuliza nasali nini.
Kumbe midomo yangu ilikuwa inacheza,
kama zamani,
ila safari hii Damari ndiye aliyetangulia,
nami nyuma yake,
neno moja nyuma.